Bomba la Juu la Hewa kwa Gari la Shamba: Je, Yafaa Kulitia?

Karatasi hii ni kwa ajili ya wakulima wenye gari la mizigo, ama la mtu mmoja, ama la watu kadhaa walioshirikiana kulinunua, ambao hulitumia kupeleka mazao sokoni kwa njia za vumbi wakati wa kiangazi, na kwa njia za matope na mito wakati wa masika. Wakulima wengi wamekwisha kuona magari yenye bomba lililosimama kando ya kioo cha mbele, mdomo wake ukiwa sawa na paa. Mafundi huliita snokeli. Katika karatasi hii tutaliita bomba la juu. Watu huuliza kama yafaa kulitia katika magari yao, maana wameambiwa ya kuwa gari lenye bomba hilo huvuka mto wowote.

Jawabu kwa ufupi ni hili. Bomba la juu ni chombo chema cha kupunguza vumbi, tena ni kinga ya injini katika maji yaliyotulia; lakini si ruhusa ya kuingia mtoni. Mtu alinunuaye kwa ajili ya vumbi huenda akapata faida. Mtu alinunuaye ili avuke mto uliofurika amenunua hatari. Yafuatayo ni maelezo ya sababu zake, ili kila mkulima apime mwenyewe kabla ya kutoa fedha yake.

1. INJINI HUPUMUA NAMNA GANI

Injini yahitaji hewa kama vile moto wa jikoni unavyohitaji hewa, ila yahitaji nyingi zaidi sana. Injini ya lita 3 isiyo na turbo, ikizunguka mara 2000 kwa dakika, huvuta kwa hesabu karibu lita 3000 za hewa kila dakika, yaani kadiri ya kujaza mapipa 15 ya lita 200. Hewa hiyo huingia kwa tundu ambalo katika magari mengi limefichwa chini ya boneti, nyuma ya taa au ndani ya madigadi. Kisha hupita katika chujio, ndipo hufika katika silinda.

Bomba la juu halina kazi nyingine ila kuhamisha tundu lile kutoka chini kwenda juu. Halizidishi nguvu za magurudumu, haliongezi uzito wa gari, wala halizuii maji yasiingie mahali pengine popote. Mkulima akilishika neno hili moja, hatadanganywa na muuzaji.

Asili ya chombo hiki ni baharini. Neno snokeli latoka katika lugha ya Kijerumani, nalo lilikuwa jina la bomba ambalo manowari za chini ya maji zilivutia hewa wakati wa vita vya mwaka 1939 hata 1945, kwa mfano waliouanza Waholanzi kabla ya vita. Mwezi Juni 1944, majeshi yaliposhuka katika pwani ya Normandy, Ufaransa, magari na vifaru vingi vilitiwa mabomba ya namna hii ili vipite katika maji ya ufuo. Lakini angalia: magari yale yalizibwa pia mahali pengi pengine kwa uangalifu mkubwa, na kazi yake ilikuwa ni kutoka chomboni mpaka mchangani mara moja tu. Gari lako halikuzibwa hivyo, nalo lapaswa kufanya kazi miaka mingi.

2. MAJI YAKIINGIA KATIKA INJINI

Hewa hukubali kubanwa; maji hayakubali. Hiyo ndiyo sababu ya hasara yote.

Chukua mfano wa injini ya dizeli ya lita 3 yenye silinda nne. Kila silinda huvuta hewa ya sentimita za ujazo 750, na pistoni ikipanda huibana hewa hiyo mpaka nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 44 tu. Kiasi hicho ni sawa na vijiko vitatu vikubwa vya chakula. Basi ikiwa maji yanayozidi vijiko vitatu yameingia katika silinda moja, pistoni haiwezi kumaliza safari yake. Injini husimama ghafula, na konrodi, yaani fimbo inayoishika pistoni, hupinda au huvunjika, na pengine hutoboa ubavu wa injini. Injini ya petroli haibani sana kama ya dizeli, kwa hiyo yaweza kustahimili maji kidogo zaidi, lakini mwisho wake ni ule ule.

Hasara ya namna hii hupita bei ya mazao ya safari moja. Gari la ushirika likifa wakati wa mavuno, mahindi hukaa ghalani yakingoja dumuzi, nyanya huoza katika matenga, na wachuuzi hushusha bei kwa sababu wajua huna njia ya kuyapeleka mazao yako mahali pengine. Kwa hiyo si ajabu watu kutafuta kinga. Swali ni kama kinga hii yakinga lile unaloliogopa.

3. FAIDA YAKE KATIKA VUMBI

Faida iliyo kubwa kwa mkulima wengi hawaifikirii. Nayo ni vumbi.

Vumbi la njia huinuliwa na magurudumu, nalo huwa zito karibu na ardhi na jepesi kwa juu. Tundu la hewa lililo ndani ya madigadi hukaa katikati ya vumbi zito. Mdomo ulio sawa na paa huvuta hewa iliyo safi zaidi. Hivyo chujio halijai upesi. Matrekta mengi yametiwa bomba la hewa lililosimama juu ya boneti kwa sababu iyo hiyo, ingawa trekta halitazamiwi kuvuka mito. Tena mengi yana kikombe juu ya bomba ambacho huizungusha hewa, vumbi zito likatupwa kando kabla ya kufika katika chujio. Kikombe cha namna hiyo hupatikana pia kwa magari yenye bomba la juu, nacho chafaa sana kwa mtu ambaye hufuata malori mengine kwa njia ndefu ya vumbi.

Vumbi likipenya katika injini hufanya kazi ya msasa: hukwangua silinda na ringi za pistoni siku baada ya siku. Dalili zake ni injini kula oili, kutoa moshi wa buluu, kupoteza nguvu mlimani, na kuwa nzito kuwaka asubuhi. Maji huua injini kwa dakika moja na kila mtu huona. Vumbi huiua kwa miaka michache na hakuna aonaye. Mkulima anayeendesha kila juma katika njia ya udongo mwekundu aliogope vumbi kabla ya mto.

Hata hivyo bomba la juu si badala ya chujio. Gari lenye bomba zuri na chujio lililopasuka lina hali mbaya kuliko gari lisilo na bomba lenye chujio zima.

4. MAMBO AMBAYO BOMBA HALIWEZI KUYAFANYA

(a) Haliwezi kulishika gari lisichukuliwe na mto. Tuseme gari lako lina uzito wa kilo 2000, na mwili wake ni kama sanduku la urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5. Maji yakipanda sentimita 10 tu juu ya sakafu ya sanduku hilo, kabla ya kupenya ndani, hulibeba kwa nguvu ya kilo 600. Yakipanda sentimita 30, hulibeba kwa kilo 1800. Hapo matairi yameshika mchanga kwa uzito wa kilo 200 tu, nao mto unalisukuma kwa ubavu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya watu ya kuwa maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuchukua magari madogo mengi, na ya sentimita 60 huweza kuchukua hata pikapu na magari makubwa.

Sasa linganisha hesabu hiyo na vitabu vya watengenezaji. Land Rover Defender ya zamani iliruhusiwa maji ya sentimita 50. Toyota Hilux za siku hizi hutajwa sentimita 70. Ford Ranger iliyotoka mwaka 2011 ilitajwa sentimita 80. Vipimo hivyo ni vya maji yaliyotulia, na katika Hilux na Ranger huzidi kina ambacho mto wenye nguvu waweza kulichukua gari. Maana yake ni hii: katika mto uendao kasi, gari huchukuliwa kabla injini haijahitaji bomba la juu. Hapo ndipo ilipo hoja yote ya karatasi hii.

Wala ukubwa wa gari usikudanganye. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililochukua wanakwaya waendao arusini lilijaribu kupita juu ya daraja lililofunikwa na maji. Mto ulilisukuma likapinduka, na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi ni zito na refu kuliko pikapu yako, na watu wako huketi juu ya magunia.

(b) Haliwezi kuona chini ya maji. Wazee wamesema: Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kivuko ulichokipita juzi huenda kimechimbwa shimo na mafuriko ya jana, na maji ya udongo hayaonyeshi sakafu yake.

(c) Halizuii maji yasiingie katika difu na giaboksi. Vyombo hivi hupata moto safarini. Vikitumbukia katika maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kwa tundu lake la pumzi au kwa sili zilizochakaa. Oili ikichanganyika na maji hugeuka rangi kama chai ya maziwa, nayo hailindi meno ya gia.

(d) Haliilindi feni, ambayo ikizunguka ndani ya maji yaweza kupinda na kuchana rejeta. Wala halilindi altaneta, stata, nyaya za umeme, wala breki.

5. NANI ALITIE, NA NANI ASILITIE

Yafaa kulitia ikiwa wasafiri miezi mingi ya mwaka katika vumbi zito, hasa nyuma ya magari mengine; au ikiwa njia yako hupita katika maji yaliyotulia, kama vile mbuga na mabonde ya mpunga yanayojaa wakati wa masika, ambapo maji hayana mkondo na sakafu yake waijua; na ikiwa gari lenyewe ni zima, lenye nguvu katika magurudumu yote manne, nawe wakusudia kukaa nalo miaka mingi.

Haifai kulitia ikiwa shida yako ni mto mmoja unaofurika mara chache kwa mwaka, maana mito mingi ya msimu hushuka baada ya saa chache au siku moja, na kungoja hakuna gharama kama hiyo. Haifai ikiwa gari lako ni la magurudumu mawili ya nguvu tu, au matairi yamekwisha, au breki ni mbovu; fedha hiyo itumike kwanza kwa matairi na breki. Tena haifai kabisa ikiwa dereva wako ni mtu wa kujisifu. Bomba humtia ujasiri mtu ambaye afadhali angekuwa na hofu.

Wale wenye gari kwa shirika na wakutane na kupatana kwa maneno yaliyoandikwa, ya kuwa dereva hataingia katika maji yanayopita alama fulani, hata kama mwenye mzigo anamhimiza. Dereva aliye peke yake ukingoni, huku watu kumi wakimwambia haya twende, ahitaji amri ya kumsaidia kusema hapana.

6. MAMBO YA KUTANGULIZA, YENYE GHARAMA NDOGO

Kwanza, tunza chujio la hewa. Katika njia za vumbi litazame kila juma. Likiwa la karatasi, lipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Usilipige chini, wala usilioshe kwa petroli. Limulike kwa tochi kutoka ndani: ukiona mwanga umepenya mahali kama tundu, litupe ukanunue jipya. Katika matrekta na magari ya zamani yenye chujio la oili, mwaga oili chafu, safisha bakuli, utie oili mpya mpaka alama, usizidishe.

Pili, ongeza urefu wa mipira ya pumzi ya difu na giaboksi. Fundi achukue mpira mwembamba usioharibiwa na oili, aufunge katika tundu la pumzi la kila difu, aupandishe mpaka juu ndani ya boneti, na mdomo wake autazamishe chini. Kazi hii ni ya saa chache, na kwa gari livukalo maji ni ya lazima kuliko bomba lenyewe.

Tatu, simamisheni vigingi katika kivuko. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mkavu, watu wa kijiji watafute mahali palipo chini kabisa katika njia ya kuvukia. Wavute kamba kutoka ukingo huu mpaka wa pili, wakiisawazisha kwa mpira wa maji wautumiao waashi, wapate kujua kina cha maji mahali pale kwa kuangalia ukingoni. Kisha wasimamishe kigingi imara cha chuma au zege katika kila ukingo na kukipaka alama: nyeupe mahali maji yafikiapo sentimita 20 katikati ya mto, nyekundu yafikiapo 30. Maji yakifika alama nyekundu nayo yana mkondo, gari lolote lisiingie, liwe na bomba au lisiwe nalo. Vigingi vipimwe upya kila kiangazi, kwa kuwa mto hubadili sakafu yake. Kazi ya siku moja ya watu wachache itawafaa wenye magari wote, na wenda kwa miguu pia.

7. UKIKATA SHAURI KULITIA

Nunua bomba lililotengenezwa kwa aina ya gari lako hasa. Uliza kwanza kama ni la maji au la vumbi tu, maana baadhi ya mabomba, hata ya kiwandani, hayakuzibwa kwa maji. Na mengine ni pambo tu, hayaungwi na chujio hata kidogo. Jihadhari na mabomba ya kuungaunga kwa mipira ya nyumba: yakiwa membamba kuliko tundu la asili, injini hukosa pumzi, moshi huwa mweusi na nguvu hupungua, tena jua huyapasua.

Fundi atatoboa madigadi, na tundu hilo haliwezi kurudishwa. Basi apime mara mbili kabla ya kukata, na kingo za bati azipake rangi zisipate kutu. Kila kiungo kutoka mdomo wa juu mpaka chujio, na kutoka chujio mpaka injini, kizibwe na kukazwa kwa klipu. Kiungo kimoja kinachovuja chini ya maji hulifanya bomba zima kuwa bure, kwa kuwa injini itavuta maji kwa pale penye ufa. Kitazame pia kipira kilicho chini ya kasha la chujio, kitoacho vumbi na maji. Kikiwa kimepasuka, maji yataingia kwa pale.

Mwisho lijaribu. Injini ikiwa inazunguka polepole, ziba mdomo wa juu kwa ubao ulionyooka wenye kipande cha mpira. Usitumie mfuko, maana utavutwa ndani, wala usiizungushe injini kwa nguvu. Injini ikizimika au ikikaribia kuzimika, viungo ni vizuri. Ikiendelea kama kwamba hakuna neno, pana mahali pengine inapovuta hewa. Mrudishie fundi, usimlipe mpaka amalize.

8. KUPITA KATIKA MAJI YALIYOTULIA, NA KUZIMIKIWA NDANI YAKE

Abiria washuke kwanza. Ingia kwa gia nzito, uende kwa mwendo wa mtu atembeaye, bila kusimama wala kubadili gia. Mwendo wa kasi huyarusha maji juu ya boneti. Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo zipate kukauka.

Injini ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha. Injini nyingi huvunjika wakati huo, mwenyewe akipiga stata. Livuteni gari nje kwa kamba. Fundi afungue chujio alitazame. Likiwa limelowa, afungue nozeli au plagi, aizungushe injini kwa mkono mpaka maji yatoke yote, kisha abadili oili na chujio kabla ya kuiwasha. Atazame pia oili ya difu na giaboksi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bomba la juu hubadili mahali injini ivutapo hewa, basi.
Faida yake ya kila siku ni vumbi.
Mto wenye kasi hulichukua gari kabla injini haijazama.
Chujio, mipira ya difu na vigingi vya kivuko vitangulie.
Maji yakifika alama nyekundu, ngoja. Magunia yaliyolala ukingoni usiku mmoja yatauzwa kesho, na watu waliolala kando yake watarudi kwao.